Angola, Nigeria au Sudan Kusini: uishabikie timu ipi ya kikapu?

Tarehe 20 Julai 2024, katika ukumbi wa O2 jijini London, Sudan Kusini ilikwenda mapumziko ikiiongoza Marekani 58–42. Ilikuwa mechi ya kirafiki, lakini Marekani ilikuwa na LeBron James, Stephen Curry na Joel Embiid, na siku chache baadaye hao hao walikuwa Ufaransa wakiisaka dhahabu ya Olimpiki. Marekani iliponea chupuchupu, 101–100, LeBron akiingiza kikapu cha ushindi zikiwa zimebaki sekunde 8.

Wengi walianza kufuatilia kikapu cha timu za taifa usiku ule. Tangu hapo swali ninaloulizwa ni lile lile: kati ya timu za wanaume za Afrika, nishike ipi? Wanaouliza hutarajia niwatajie yenye vikombe vingi, au yenye majina makubwa. Mimi huanza na jambo jingine: mashindano yakiisha, timu hiyo inaishi wapi? Timu ya taifa hukutana wiki chache tu kwa mwaka. Ukiipenda isiyo na makao katika miezi mingine, utashangilia kwa majuma mawili, kisha utangoja mwaka mzima, na itakaporudi huenda usimtambue hata mchezaji mmoja.

Nimechagua tatu kwa sababu kila moja inalijibu swali hilo kwa njia yake. Kwanza hesabu, ili tusiongee hewani (AfroBasket ni mashindano ya ubingwa wa Afrika; NBA ni ligi kuu ya kikapu ya Marekani):

| | Angola | Nigeria | Sudan Kusini |
|---|---|---|---|
| Ubingwa wa AfroBasket hadi 2025 | 12 | 1 (2015) | hakuna |
| Kombe la Dunia hadi 2023 | mara 9, ya kwanza 1986 | mara 3: 1998, 2006, 2019 | mara 1: 2023 |
| Olimpiki hadi 2024 | mara 5 mfululizo, 1992–2008 | mara 3 mfululizo, 2012–2020 | mara 1: 2024 |
| Wachezaji hutoka wapi | zaidi klabu za nyumbani | zaidi NBA, Ulaya na vyuo vya Marekani | zaidi familia zilizokimbia vita, duniani kote |

Najua kuna watakaouliza mbona sikuweka Tunisia, iliyotwaa Afrika 2011, 2017 na 2021, au Senegal na Misri zenye mataji matano kila moja. Misri hata ilikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1949, na nafasi yake ya tano katika Kombe la Dunia la 1950 haijapitwa na timu yoyote ya Afrika hadi leo. Ni timu za heshima. Ila aliye mgeni wa mchezo huu akianza na hizi tatu atauelewa mpira wa kikapu wa Afrika kwa haraka zaidi, kisha hizo nyingine zitamjia zenyewe.

Angola

Jedwali linasema 12, lakini halisemi mataji hayo yalipatikana katika hali gani. Angola ilipata uhuru 1975 ikaingia moja kwa moja kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuja kumalizika 2002. Ufalme wake wa kikapu ulijengwa humo humo ndani ya vita. Taji la kwanza lilikuja 1989, mashindano yakifanyika Luanda. Kuanzia mwaka huo hadi 2013 AfroBasket ilichezwa mara 13, na Angola ikaibeba mara 11. Mbili tu ziliiponyoka: 1997 ilipokwenda Senegal, na 2011 Tunisia ilipoifunga Angola 67–56 kwenye fainali nchini Madagaska. Sita kati ya yale 11 yalipatikana kabla silaha hazijawekwa chini.

Waliwezaje? Klabu. Primeiro de Agosto na Petro de Luanda ni mahasimu wa jadi, na kwa miongo kadhaa wachezaji wa timu ya taifa wamekuwa wakitoka katika hizo mbili na majirani zao wachache. Mtu anakabana na mwenzake Jumamosi kwenye ligi, wiki inayofuata wamevaa jezi moja. Kocha wa taifa hahitaji mwezi mzima kuwafundisha kupasiana; wanajuana kuanzia utotoni. Angola kwa kawaida haikuwa na warefu wa kutisha, kwa hiyo ikajifunza kucheza mchezo wa watu wafupi: kukimbia, kukaba mpira tangu nusu ya mpinzani, kuuzungusha hadi mtu apatikane peke yake nje ya mstari wa pointi tatu. Jean-Jacques Conceição alikuwa nguzo ya kizazi cha kwanza. Baadaye wakaja kina Miguel Lutonda, Joaquim Gomes, Olímpio Cipriano na Carlos Morais.

Kuna jambo moja la Angola linaloniuma kila nikilisikia likisimuliwa. Kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992 walikutana na ile timu ya Marekani ya Michael Jordan na Magic Johnson, wakachapwa 116–48. Kuna kipindi Marekani ilifunga pointi 46 wao wakipata 1. Charles Barkley alimpiga Herlander Coimbra kiwiko cha kifua, na picha hiyo imeonyeshwa duniani kwa zaidi ya miaka 30. Wanaoionyesha hawasemi kwamba katika mashindano yale yale Angola iliifunga Uhispania 83–63. Uhispania ilikuwa mwenyeji, ikicheza mbele ya watu wake, ikapigwa kwa pointi 20 na nchi iliyotoka vitani na iliyokuwa inarudi vitani. Mtu akikuambia Angola ni timu ya kichapo cha Barcelona, mpe namba hiyo.

Kilele chao duniani naona kilikuwa Kombe la Dunia la 2006 nchini Japani. Walishinda mechi tatu za kundi, dhidi ya Panama, New Zealand na wenyeji Japani. Ujerumani waliilazimisha kucheza muda wa nyongeza mara tatu. Ilibidi Dirk Nowitzki afunge pointi 47 ndipo Wajerumani wakashinda 108–103. Kwenye 16 bora Ufaransa ikawatoa 68–62.

Kisha mteremko. Baada ya taji la 2013 walikaa miaka 12 bila ubingwa. Mwaka 2015 Nigeria iliwafunga kwenye fainali. Februari 2021 mjini Yaoundé, katika kufuzu AfroBasket, Kenya iliwafunga 74–73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae wa sekunde ya mwisho kabisa. Wakenya wengi wanaokumbuka pale walipokuwa siku hiyo hawajui kwamba mara ya mwisho Kenya kucheza AfroBasket kabla ya hapo ilikuwa 1993, walipokuwa wenyeji jijini Nairobi, na bingwa aliyetawazwa Nairobi alikuwa Angola huyo huyo. Kwenye Kombe la Dunia nako mambo yalikuwa membamba: 2019 na 2023 ushindi ulikuwa mmoja mmoja, mara zote dhidi ya Ufilipino.

Agosti 2025 kiu ikakatika, tena nyumbani. Fainali ya Luanda, Angola 70, Mali 43. Mchezaji bora wa mashindano alikuwa Childe Dundão wa Petro, mtu asiyefika hata mita 1.70, katika mchezo ambao urefu huhesabiwa kuwa nusu ya kipaji. Mtazame akiingia katikati ya majitu, utaelewa mara moja ninachomaanisha ninaposema mchezo wa watu wafupi.

Nigeria

Nigeria, au D'Tigers, ndiyo yenye vipaji vingi kuliko timu yoyote ya bara hili, na sidhani kuna wa kubisha. Hakeem Olajuwon, nyota wa NBA wa zamani, alizaliwa Lagos. Wazazi wa Giannis Antetokounmpo, nyota wa NBA wa leo, ni Wanigeria. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechezea Nigeria kwenye Olimpiki: Olajuwon alipata dhahabu yake na Marekani 1996, Giannis anachezea Ugiriki. Hiyo pekee inakueleza habari nusu.

Nusu ya pili ni safari ya miaka tisa. London 2012, kwenye Olimpiki yao ya kwanza, Marekani iliwafunga 156–73. Julai 2021 mjini Las Vegas, wakiwa na kocha Mike Brown na kundi la wachezaji wa NBA, waliifunga Marekani 90–87, wakiingiza mitupo 20 ya pointi tatu, Gabe Nnamdi akifunga 21. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kuifunga Marekani kabla ya hapo. Siku mbili baadaye wakaipiga Argentina 94–71. Nilidhani mwaka umefika.

Haukufika. Kwenye Olimpiki ya Tokyo walipoteza zote tatu, kwa Australia, Ujerumani na Italia. Wiki chache baadaye, AfroBasket jijini Kigali, kikosi kingine kabisa chenye jezi ile ile kilitolewa na Uganda 80–68 kabla hata ya robo fainali. Mei 2022 serikali ikatangaza kuiondoa nchi katika mashindano ya kimataifa ya kikapu kwa miaka miwili kwa sababu ya mgogoro wa uongozi, kisha mwezi uliofuata ikabatilisha uamuzi huo. Kombe la Dunia la 2023 likapita bila wao.

Sipendi kuisema Nigeria vibaya, kwa sababu siku zao nzuri ni nzuri mno. Kwenye Kombe la Dunia la 2006 waliifunga Serbia na Montenegro 82–75, na kwenye 16 bora walikosa kuitoa Ujerumani kwa pointi moja, 78–77. Mwaka 2012 walipata tiketi ya London baada ya kuwafunga Lithuania, Ugiriki na Jamhuri ya Dominika katika mchujo wa Caracas. Kwenye Kombe la Dunia la 2019, baada ya kupoteza kwa Urusi na Argentina, walishinda mechi tatu mfululizo, ya mwisho dhidi ya wenyeji China 86–73, wakawa timu ya Afrika iliyomaliza juu zaidi na kupata nafasi ya Tokyo. Lakini jiulize swali langu la mwanzo: wanaishi wapi? Klabu zipo, na Rivers Hoopers wa Port Harcourt walimaliza wa tatu katika Ligi ya Kikapu Afrika (BAL) 2024. Shida ni kwamba ligi ya nyumbani na timu ya taifa ni nyumba mbili zisizo na mlango wa kupitana. Nyota wa NBA huja kiangazi ikiwa klabu imeruhusu, bima imelipwa na shirikisho limetulia. Moja kati ya hayo likikosekana, kikosi unachokiona si kile ulichokipenda.

(Ukitaka Nigeria iliyotulia, watazame wanawake wao. D'Tigress wametwaa Afrika mara tano mfululizo, 2017 hadi 2025, na Paris 2024 walikuwa timu ya kwanza ya kikapu ya Afrika, wake kwa waume, kufika robo fainali ya Olimpiki.)

Sudan Kusini

Nchi ilizaliwa 2011, ikajiunga na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, 2013. Miaka kumi baadaye ilikuwa Kombe la Dunia. Walishinda mechi 11 kati ya 12 za kufuzu, na mechi ya "nyumbani" kwao ilikuwa neno tu, maana hawakuwa na ukumbi wa ndani wa kuandalia mechi za kiwango hicho.

Jina la kulijua hapa ni Luol Deng. Alizaliwa Wau, akakimbilia Misri akiwa mtoto, akakulia London, akacheza NBA na kuvaa jezi ya Uingereza kwenye Olimpiki ya 2012. Alipostaafu alichukua urais wa shirikisho, akafungua daftari na mkoba wake mwenyewe, akaanza kuwasaka vijana wa Sudan Kusini walikotawanyika. Mmoja alikuwa Australia, mwingine Marekani, mwingine Kenya au Uganda. Ukocha akampa Royal Ivey. Vita vilivyowatawanya watu hawa ndivyo vilivyowafikisha penye makocha na viwanja. Ni jambo gumu kulisema, lakini ndivyo ilivyo.

AfroBasket 2021 waliingia kwa nafasi iliyoachwa na Algeria, wakawatoa Kenya 60–58, wakafika robo fainali. Kombe la Dunia 2023 walianza kwa kupoteza kwa Puerto Rico 101–96 katika muda wa nyongeza, wakaipiga China 89–69, Serbia ikawapiga wao, kisha wakawafunga Ufilipino na Angola. Paris 2024, kabla ya mechi ya kwanza mjini Lille, ukapigwa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wao. Wachezaji walisimama, mikono kifuani, wakangoja hadi wimbo wao ukapatikana. Halafu wakaifunga Puerto Rico, wale wale, 90–79. Marekani na Serbia ziliwashinda baadaye, 103–86 na 96–85, lakini hakuna iliyotembea uwanjani kwa raha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sababu nyingine. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na njia ya timu hii inapita vichochoroni mwetu. Khaman Maluach, kijana wa zaidi ya futi saba aliyecheza Paris akiwa na miaka 17, alikulia Uganda, akachezea City Oilers ya Kampala katika BAL, na 2025 akachaguliwa wa kumi katika draft ya NBA, ambako klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akaenda Phoenix Suns.

Sasa udhaifu, na si mdogo. Hawana medali hata moja ya AfroBasket. Luanda 2025 hawakufika nusu fainali (wala Nigeria haikufika). Mpangaji wao mkuu wa mchezo katika siku zile kubwa, Carlik Jones, ni Mmarekani aliyepewa uraia. Kanuni za FIBA zinaruhusu mmoja wa aina hiyo kwenye kikosi, na ndiye aliyefikisha tarakimu mbili katika pointi, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) na asisti (pasi za kufungisha) usiku ule wa London dhidi ya Marekani. Asipokuwapo, mashambulizi yao hupungua kasi waziwazi. Na mradi wote umeegemea mno watu wachache. Makao ya timu hii ni moyo wa Deng na simu yake. Ni makao ya kweli, lakini paa lake ni jepesi.

Zilipokutana

Kama utatazama mechi moja tu kabla ya kuamua, tazama ya tarehe 2 Septemba 2023, Manila: Sudan Kusini 101, Angola 78. Tiketi ya Paris ilikuwa mezani. Utaona Sudan Kusini wakiwazidi Angola kwa urefu, kwa kasi ya kurudi kushambulia, kwa kujiamini. Lakini tazama pia namna Angola wanavyouzungusha mpira hata wakiwa nyuma kwa pointi 20. Hawaachi mfumo. Mimi nilipoitazama nilishangilia Sudan Kusini, na nikazidi kuwaheshimu Angola.

Miaka miwili baadaye, barani, mambo yalikuwa yamegeuka: wenye mfumo walibeba kombe. AfroBasket ni mashindano ya kuchosha, mechi nyingi kwa siku chache, kwenye kumbi zenye joto la mashabiki, na huko wanaojuana huwashinda wenye vipaji. Kombe la Dunia hudai urefu na mitupo ya mbali dhidi ya watu waliozoea NBA na Ulaya, na huko Angola hukwama.

Basi ushike ipi?

Ukitaka timu ya kuifuatilia mwaka mzima, shika Angola. Petro de Luanda walitwaa BAL 2024 jijini Kigali kwa kuifunga Al Ahly ya Benghazi, Libya, 107–94, na 2025 wakafika fainali tena wakapoteza kwa klabu nyingine ya Libya, Al Ahli Tripoli. Ukiwatazama Petro umeshaitazama nusu ya timu ya taifa. Mechi ya Luanda ya saa mbili usiku kwao huku ni saa nne, muda unaovumilika. Na ukitaka kujifunza mchezo wenyewe, kwa nini pasi ile ilikwenda pale, hakuna mwalimu bora barani.

Ukitaka timu inayoweza kuitikisa dunia siku yoyote, na ambayo ushindi wake una maana inayovuka kikapu, shika Sudan Kusini. Ila jiandae kwa miezi ya ukimya, na usiwahukumu kwa AfroBasket moja mbaya.

Nigeria ningemshauri mtu aliye na ndugu huko, au mwenye subira ya mvuvi. Wakitulia kiutawala kwa miaka minne tu watawapita wote, nami nitafurahi kuwa nimekosea kuwaweka wa tatu. Hawajatulia bado.

Chaguo langu mwenyewe ni Angola barani na Sudan Kusini duniani. Najua wapo watakaosema huko ni kula kuwili. Lakini hizi si klabu, na hakuna anayekuzuia. Kipimo kinachofuata ni Kombe la Dunia la 2027 nchini Qatar, Afrika ikiwa na nafasi tano, na safari hii hatutakesha: saa ya Doha ni moja na ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.